Sekunde Saba za Njia Panda ya Kinu

Simama wima, msomaji, kikapu mkononi na goti moja likiuma, uhesabu nami: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Basi, umekwisha. Yule mtu wa kijani kwenye taa amezimika, mwenzake mwekundu amekukazia macho, nawe uko katikati ya barabara ya njia sita, magari yanakujia, na dereva anakuuliza kwa sauti kama mama yako alikuzaa bila macho.

Hizo ndizo sekunde walizopewa watu wa miguu wa njia panda ya Kinu, Addis Ababa. Hawakuziomba. Kabla ya hapo walikuwa nazo ishirini na mbili, na Tewabech alizijua zote moja moja, maana alikuwa ameuza kahawa kwenye kona ile miaka kumi na mmoja. Mtu akikaa miaka kumi na mmoja mbele ya taa, bila runinga, bila redio, ataisoma taa. Hakuna aliyemfundisha. Alihesabu mizunguko kwa kujipiga makofi mapajani huku akingojea birika lake la udongo lichemke. Aliijua taa inayowahi na inayochelewa, na ile ya Zima Moto inayosita kidogo kabla ya kuwa nyekundu kama mtu anayeomba radhi.

Na alikuwa na kumbukumbu ndefu, tena kila alichokikumbuka kilimuudhi. Alimkumbuka askari wa glavu nyeupe wa zama za mfalme, aliyesimama juu ya pipa pale pale Kinu na kusimamisha magari yote ili yeye, msichana wa miaka sita, avuke na kondoo. Alizikumbuka zama za wanajeshi, taa ilipokwama kwenye nyekundu miezi minne mizima, na hakuna aliyethubutu kwenda kuripoti kwamba nyekundu ina kasoro. Alimkumbuka hata fundi aliyekuja hatimaye kuitengeneza, kwa jina na kwa sura, na kwamba aliondoka na kikombe cha watu.

Sasa, wateja wake wote walikuwa ng'ambo, kwenye jengo la ofisi la ghorofa nane. Upande wake yeye kulikuwa na ukuta mrefu wa kinu cha unga kilichokufa, na mafundi viatu wawili waliokatazwa kahawa na daktari. Zamani, saa nne asubuhi, watu sitini wa jengo lile walivuka kuja kukaa kwenye vigoda vyake, juu ya majani mabichi aliyoyatandaza, wakanywa vikombe vitatu kama ilivyo ada, wakamsema bosi wao, wakarudi. Tangu zije sekunde saba, waliovuka walikuwa kumi na mmoja, tena wakitetemeka. Wengine walinunua kahawa ya mashine ghorofani, inayotoka kwenye bomba kama maji ya betri. Zikipita siku za Mwaka Mpya bila sekunde kurudi, Tewabech angefunga kona na kwenda Debre Birhan kwa dada yake, kwenye baridi ya kupasua visigino, akaishi chini ya dada asiyewahi kukosea tangu azaliwe.

Hakutaka kwenda Debre Birhan. Basi alikwenda Idara ya Mataa.

Idara hiyo ilikuwa na wafanyakazi arobaini na mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyefika kazini kwa miguu. Alipokelewa na injinia kijana, Hilina, msichana mpole mwenye miwani na karatasi nyingi, akaelezwa. Mataa manne ya barabara ile yalikuwa yamefungwa nira moja kama ng'ombe wa kulimia. Gari likipata kijani pale Bohari, likaenda mwendo wa hamsini bila kuyumba, litakuta kijani Kinu, litakuta kijani Zima Moto, litakuta kijani Darajani. Halikanyagi breki. Jambo hilo liliitwa wimbi la kijani, na Mkurugenzi alilipenda kuliko watoto wake.

"Na ili wimbi lipite, mama," alisema Hilina, "ilibidi tupunguze muda wa wavukaji. Lakini si kwa kukisia. Mtu anatembea mita moja na robo kwa sekunde."

"Mtu gani?"

"Mtu wa kawaida. Wa kitabuni."

"Ana magoti huyo?"

"Mama..."

"Nauliza tu. Ana miaka mingapi? Amebeba nini? Ameshuka ngazi ngapi kabla ya kufika barabarani?"

"Hajabeba kitu."

"Hajabeba kitu! Hapa Addis! Hata maiti wetu wamebeba sanda." Tewabech akavuta kiti bila kukaribishwa. "Haya, mpe sekunde zako saba. Amefika wapi?"

Hilina akapiga hesabu. "Mita nane na robo tatu. Ndiyo maana kuna kile kisiwa cha katikati. Anafika kisiwani, anangoja mzunguko wa pili, anamalizia."

"Kutoka ukingoni hadi kisiwani ni mita tisa. Nimeipima kwa kamba ya kuanikia nguo."

Hilina akaangalia karatasi zake. Akaziangalia tena.

"Basi mwanangu," alisema Tewabech, "huyo mtu wako wa kitabuni amegongwa, robo mita kabla ya kufika. Mwandikie mkewe."

Hapo ndipo Mkurugenzi Mekbib alipotoka chumbani mwake, mtu mnene mwenye suti ya kijivu na mikono laini kama mkate wa maziwa. Alikuwa amesikia sauti.

"Mama," alisema, "nchi hii imezaa wakimbiaji wanaoufunga ulimwengu mzima mdomo. Bendera yetu inapandishwa kila michezo. Nawe unakuja kulia hapa kwa ajili ya sekunde?"

"Wale wanakimbia wakijua kuna medali mbele, Bwana Mkurugenzi. Sisi mbele kuna lori."

"Kuna utaratibu." Alipenda neno hilo, alilitamka kama mtu anayelamba kijiko. "Muda wa wavukaji huongezwa ikithibitika wapo wavukaji. Mia mbili kwa saa moja. Na mvukaji ni yule atokaye ukingo mmoja hadi ukingo wa pili ndani ya taa yake ya kijani. Mwezi uliopita tulihesabu pale kwako saa nzima. Hilina, walikuwa wangapi?"

"Wanne," alisema Hilina kwa sauti ndogo.

"Wanne! Sasa niharibu wimbi kwa ajili ya wanne?"

"Nilikuwepo," alisema Tewabech. "Nawakumbuka. Mwizi mmoja, mwenye simu aliyeibiwa, na polisi wawili."

"Utaratibu haubagui," alisema Mkurugenzi. "Lakini mimi si mtu mbaya. Tutahesabu tena. Tarehe tatu ya Pagume, saa nne hadi saa tano asubuhi."

Pagume! Tewabech alirudi kwa miguu akiichemsha hasira yake polepole njia nzima. Pagume ndio ule mwezi wa kumi na tatu, mwezi wa siku tano zilizobaki kabla ya Mwaka Mpya, mwezi usiolipwa mshahara. Mifuko inalia, mvua inanyesha, nani atatoka ofisini kwenda kunywa kahawa? Mtu aliyechagua tarehe ile alikuwa ameichagua akicheka.

Ila mwenye hila naye husahau. Mekbib alikumbuka kwamba Pagume ni mwezi wa ukata. Alichosahau, yeye aliyelelewa na mama mcha Mungu, ni kwamba tarehe tatu ni siku ya Malaika Rufaeli.

*

Aliyekuwa na ushauri alikuwa Zeberga, bawabu wa jengo la ofisi, mteja wa kwanza kabisa wa Tewabech na mdomo mchafu kuliko wote. Kila asubuhi alivuka na firimbi mdomoni, akakwama kisiwani, na kutoka huko akapiga kelele za kuagiza.

"Weka sukari mbili!" alipaza sauti siku ile. "Nikifa njiani, mwaga!"

"Ukifa njiani nitaiuza mara mbili!"

Alipofika, akikohoa, alikuwa na mpango. "Dada Tewabech, sikiliza. Mpwa wangu yuko kwenye kile chama cha wakimbiaji. Wako arobaini. Asubuhi wanapita hapa wakipanda mlimani kama swala wenye wazimu. Tuwaite. Saa nzima, wanakwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Mia mbili? Watakupa elfu!"

Tewabech alifurahi kwa muda wa kumimina kikombe kimoja. Kisha mkono ukasimama hewani.

"Wakivuka wote ndani ya sekunde saba," alisema, "Mkurugenzi atasema nini?"

"Atasema wavukaji ni wengi."

"Atasema sekunde saba zinatosha."

Zeberga alianza kuhesabu vidoleni, akaacha.

"Umeona?" alisema Tewabech. "Tusipovuka, hatupo. Tukivuka, hatuna shida. Mtego huo una meno pande zote mbili. Nani alimsomesha yule bwana?"

"Kodi yetu."

"Kodi yetu! Nakumbuka ilipopandishwa."

Wakanywa. Magari yalipita kwa wimbi, mororo, yanang'aa, halafu barabara ikawa tupu kabisa kwa kitambo kirefu, na bado yule mtu mwekundu amesimama. Kisiwani walikuwa wamekwama watu tisa: karani na faili kichwani, mwanamke na kuku wawili wa sikukuu, wazee wa mahakamani. Walisimama wamebanana kama mishumaa kanisani, wakingoja dakika mbili na sekunde kumi.

Tewabech aliwatazama sana.

"Zeberga," alisema, "wale hawahesabiwi, sivyo?"

"Hawajafika ukingo wa pili. Kwa utaratibu, hawako duniani."

"Na watu wasiokuwepo duniani, wakiketi, wakinywa kahawa, nani atawafukuza?"

*

Tarehe tatu ya Pagume, saa tatu na nusu, alihamia kisiwani. Ilimchukua mizunguko sita: jiko la mkaa mzunguko wa kwanza, birika wa pili, vigoda, vikombe, majani ya kutandaza, na mwisho ubani. Kisiwa kilikuwa na upana wa kitanda na urefu wa ukumbi. Akatandaza majani yake mabichi juu ya saruji, akachoma ubani, akaketi katikati ya njia sita kama malkia aliyekosewa.

Hilina aliketi chini ya mwavuli wa Idara, upande wa jengo, akiwa na kidude cha kubofya kila apitapo mvukaji. Alimpungia mkono kwa woga. Alikuwa hajabofya hata mara moja.

Saa nne ilipogonga, watu wa jengo walianza kutoka. Zeberga alikuwa amepita ghorofa zote nane akitangaza kwamba safari hii hakuna anayehitaji kufika ng'ambo, inatosha kukwama. Na kukwama, kila mtu alikuwa na kipaji. Mzunguko wa kwanza walikwama kumi na wawili. Wa pili, kumi na wanane. Walikaa vigodani, wengine wakasimama, wakapokea kikombe cha kwanza. Magari yakipita pande zote mbili yaliwapepea kama feni.

"Mandhari nzuri," alisema karani mmoja wa hesabu. "Ghorofani tunaona choo cha jirani tu."

"Nyamaza, kuna lori. Inua kikombe."

Saa nne na nusu walikuwa sitini kisiwani, na kidude cha Hilina kilisoma sifuri.

Zeberga akainama sikioni kwa Tewabech. "Dada, ni tamasha zuri, lakini sifuri ni sifuri. Saa tano wakifunga karatasi, umekwisha."

Tewabech alilijua hilo. Alikuwa amewaweka watu wasiohesabiwa mahali pa kuonekana, lakini hakukuwa na aliyetazama. Wenye kuamua hawakupita kwa miguu. Alimimina kahawa, akaanza kuliona lango la dada yake.

Ndipo mvua ikaanguka.

Mahali pengine popote, siku nyingine yoyote, watu sitini wangetimua mbio. Lakini ilikuwa siku ya Rufaeli, mbingu ziko wazi, na tone la mvua ya siku hiyo ni maji ya baraka. Basi badala ya kukimbilia ndani, jiji zima lilikimbilia nje. Jengo la ghorofa nane lilitapika watu. Walitoka na ndoo za kudekia, na sufuria, mhasibu mkuu akatoka na kapu la taka la plastiki ameliosha. Mafundi viatu wawili walivua mashati. Makondakta walishuka, abiria wakashuka, dereva wa teksi alitoa kichwa dirishani akajisugua nywele kwa sabuni. Zeberga alivua kofia ya kazi, akaikinga, ikajaa, akainywa.

"Ina chumvi," alisema.

"Ni jasho lako la miaka ishirini, mjinga wewe!"

Tewabech hakuoga. Aliliinamia jiko lake, amelifunika kwa mwavuli na kwa mwili, akilinda moto kama kuku juu ya mayai.

Wakati huo huo, kutoka Bohari, lilikuwa linakuja gari jeusi la Idara. Ndani yake Mkurugenzi Mekbib alikuwa akimpeleka mama yake kanisani, na alikuwa amechagua njia hii kwa makusudi. Mama yake, Tirfe, mwenye miaka themanini na mitatu, hakuwahi kuelewa mwanawe anafanya kazi gani. Leo angeona.

"Tazama, mama. Bohari, kijani. Tunaenda hamsini. Sigusi breki. Tazama mguu wangu. Sasa Kinu... kijani! Umeona? Mbele yake, Zima Moto..."

"Simamisha."

"Mama, haisimami. Huo ndio uzuri wake."

"Mvua ya Rufaeli inanyesha nami nimefungiwa kwenye bati. Mekbib, simamisha gari!"

Na mtu anaweza kuwa mkurugenzi wa mataa yote duniani. Mama akisema simamisha, ni nyekundu. Alikanyaga breki pale pale, kwenye kijani, mbele ya wimbi zima. Nyuma yake ulisikika mlio mrefu wa matairi, kisha honi moja, kisha honi zote kuanzia Kinu hadi Bohari.

Bibi Tirfe alikwishafungua mlango. Akajitupia shuka lake jeupe kichwani, akaegemea fimbo, akaanza kutembea kwenye mvua kuelekea penye harufu ya kahawa. Mekbib alitoka mbio akamshika mkono. Suti ya kijivu ikawa nyeusi. Walipofika kisiwani, magari ya upande wa pili yalikuwa yameachiliwa, na mtu mwekundu akasimama juu yao pande zote mbili.

Mkurugenzi alikuwa amekwama.

"Karibuni," alisema Tewabech. "Mzunguko ujao ni dakika mbili na sekunde kumi. Labda zaidi, maana naona kuna mtu amesimamisha gari lake vibaya."

Watu sitini walikohoa kwa pamoja.

"Sitaki kahawa," alisema Mekbib.

"Mimi nataka," alisema mama yake, akaketi. "Nawe keti. Utaniacha ninywe peke yangu kama mjane?"

"Mama, wewe ni mjane."

"Keti!"

Akaketi. Kigoda kilikuwa kidogo, na Mkurugenzi alikuwa mpana, na pale walipokutana kulikuwa na mlio. Akapokea kikombe cha kwanza, akakipiga funda moja ili aondoke. Hapo ndipo alipokosea, na angekuwa mgeni asingejua amekosea. Ukikigusa cha kwanza, umejifunga hadi cha tatu. Cha kwanza ni abol, cha kuamsha mdomo. Cha pili ni tona, cha maneno. Cha tatu ni bereka, cha baraka, na anayeinuka kabla ya bereka ameiacha bahati yake chini ya kigoda. Hakuna mwana wa Tirfe ambaye angeinuka kabla ya bereka, si mbele ya Tirfe, si siku ya Rufaeli.

"Ishirini na mbili," alisema Tewabech, akiongeza maji birikani.

"Sikuja kujadiliana."

"Hukuja kabisa, umekwama. Ishirini na mbili."

"Nani anauza nini?" aliuliza Bibi Tirfe.

Zeberga akamweleza, kwa sauti iliyofika hadi ukingoni: sekunde ishirini na mbili, kisha saba, mtu wa kitabuni, mwizi na polisi, wavukaji mia mbili. Bibi Tirfe alisikiliza mvua ikimdondoka puani.

"Mekbib. Wewe ndiye unayewaweka watu hapa katikati?"

"Ni mtambo, mama."

"Nilikuzaa wewe au nilizaa mtambo?"

"Nane," alisema Mekbib kwa haraka. "Nampa nane."

"Nane!" Tewabech akacheka mpaka ubani ukayumba. "Angalieni, ananipa mkia wa kondoo na kuniambia nikachinje! Ishirini na mbili."

"Kila sekunde ninayotoa kwako naitoa kwenye wimbi! Wimbi likikatika Kinu, linakatika Zima Moto, linakatika..."

"Geuka nyuma."

Akageuka. Wimbi lake lilikuwa limesimama kutoka Kinu hadi upeo wa macho, madereva wako juu ya maboneti wakioga.

Wakati wa tona, Hilina alivuka kuja kuwaarifu kwamba saa tano imefika na jumla ni watu watatu, wote mafundi viatu, mmoja alivuka mara mbili. Naye akakwama. Akapewa kigoda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuketi pale. Barabara ile aliijua kwenye kioo cha kompyuta tu, na chini ya mwavuli macho yake yalikuwa kwenye miguu ya wavukaji. Alikunywa, akatazama huku na huku, na ghafla akaacha kunywa.

"Mama, ule mshale wa kijani unaowaka sasa hivi. Unaelekeza wapi?"

"Kinuni," alisema Tewabech. "Kwa malori ya ngano yanayokunja kushoto."

"Naona ukuta."

"Kinu kimekufa miaka tisa. Lango lilizibwa kwa matofali, siku ya Jumanne. Nakumbuka walivyokanyaga majani yangu."

"Na mshale unawaka kila mzunguko?"

"Kila mzunguko. Sekunde kumi na mbili."

Hilina akaweka kikombe chini. "Magari yote yamesimama sekunde kumi na mbili, tukingoja malori yaingie ukutani. Mama, kwa nini hukusema ulipokuja ofisini?"

"Nilidhani mnajua! Watu arobaini na mmoja wenye vyeti! Nikadhani ni mapambo."

Mvua ikapiga ndoo. Bibi Tirfe alimtazama mwanawe. Kisha akautazama ukuta, kisha akamtazama tena.

"Saba na kumi na mbili," alisema Mekbib hatimaye, akiangalia viatu vyake, "ni kumi na tisa."

"Ishirini na mbili."

"Hazipo! Zilizopo ni hizo, za malori. Nyingine nitazitoa wapi, mbavuni?"

Tewabech alijua bei ya mwisho akiiona. Alikuwa amenunua kondoo wengi maishani. Lakini kumi na tisa aliihisi mdomoni kama jino lililopungua. "Ishirini," alisema.

"Kumi na tisa."

"Ishirini."

Bereka ilimiminwa, nyepesi, imechanganyika na mvua. Bibi Tirfe aliinywa yote, akapangusa mdomo, akainuka. "Mnapiga kelele kama mnajua," alisema. "Wekeni hizo kumi na tisa, nami nitavuka, tuone."

Hilina alivuka hadi kwenye kabati la mataa, akalifungua kwa ufunguo wake, akaua mshale wa malori na kuwapa wavukaji sekunde zake. Bibi Tirfe alipelekwa ukingoni, upande wa ukuta wa kinu, akashika fimbo sawasawa. Watu mia tatu waliolowa wakanyamaza. Madereva wakashuka maboneti. Mtu wa kijani akawaka, naye akaondoka.

Waliuhesabu mwendo wake kwa sauti moja, barabara nzima, na hata honi zikafuata mapigo. Moja! Mbili! Alitembea kama mwanamke wa milimani, kifupi kifupi bila kusita. Tisa! Alipita kisiwani bila hata kukitazama. Kumi na tano! Mekbib alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili, na midomo yake ilikuwa ikisema, kimya kimya, haya mama, haya mama. Kumi na nane! Kumi na tisa!

Mtu mwekundu akawaka. Mguu mmoja wa Bibi Tirfe ulikuwa juu ya ukingo. Mguu wa pili ulikuwa barabarani, pamoja na fimbo.

Hakuuvuta. Alisimama vivyo hivyo, mguu mmoja juu na mmoja chini, akageuza shingo kumtafuta mwanawe katikati ya watu wote wale.

"Mekbib," aliita, "na huu nao nimwachie nani?"

Mkurugenzi alimwangalia Hilina, akaitikia kwa kichwa mara moja. Hilina akaandika ishirini, akafunga kabati.

Mvua ilikuwa imepungua, na upande wa ofisi watu walianza kujipanga ukingoni ili wavuke hadi kona ya Tewabech, wakigombania nani atawahi kigoda. Gari jeusi lilinguruma mwanzoni mwa mstari likingoja kijani, Mkurugenzi kwenye usukani, Bibi Tirfe kando yake. Tewabech aliinua birika lake juu ya kichwa, akamwachia Zeberga jiko, akangoja mtu wa kijani. Alipowaka, aliondoka kisiwani kurudi kwenye ukuta wake. Mita tisa tu, angeweza kuzimaliza kwa sekunde nane. Alitembea kama bibi harusi anayesindikizwa, hatua na kituo, hatua na kituo, mbele ya boneti la Mkurugenzi, akazitumia zote ishirini.